Padre, Je, Twende Tukapate Mtoto wa Maabara?



Mwezi huu nimeziweka kando barua nyingine zote ili nijibu moja tu. Imetoka kwa mama mmoja wa sehemu za Ukambani, na jina lake nimelificha kama alivyoniomba. Nimeyafupisha maneno yake, lakini haya ndiyo aliyoandika:

"Padre, tulifunga ndoa takatifu miaka tisa iliyopita. Mimi nina miaka 34, bwana yangu ana 41. Hatujajaliwa mtoto. Katika jumuiya yetu akina mama wote huitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Mwende, Mama Kioko, lakini mimi bado huitwa kwa jina nililotumia shuleni. Mama mkwe huniuliza ni nani atakayeitwa kwa jina lake. Sasa amemwambia mume wangu atafute msichana mwingine, hata kama ni kwa siri. Mume wangu amekataa mpaka leo, lakini naona amechoka. Mwaka jana nilipigwa picha ya eksirei nikaambiwa mirija yangu yote miwili imeziba. Daktari akasema njia iliyobaki ni mimba ya maabara huko Nairobi. Tuna ploti moja na tumempata mnunuzi. Katekista alisikia habari hiyo, akasema tukifanya hivyo hatutapokea Ekaristi tena na mtoto hatabatizwa. Padre, je, Mama Kanisa ndiye anayetunyima mtoto? Tafadhali nijibu upesi, maana mnunuzi hangoji."

Mama mpendwa, barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda nayo mbele ya Tabernakulo. Nitakujibu kwa kirefu. Nawaomba wasomaji wengine wanivumilie, kwa sababu najua wengi wenu huulizana jambo hili hili chumbani usiku, taa ikiwa imekwisha kuzimwa.

Nianze na katekista wetu, kwa maana hapo amekosea, na kosa lake linaweza kuumiza watu. Mtoto ni mtoto. Hata akitungwa mimba kwa njia gani, roho yake imetoka kwa Mungu moja kwa moja kama roho yangu na yako, na mlango wa ubatizo uko wazi kwake sawasawa na kwa mtoto mwingine yeyote ambaye wazazi wake wanataka kumlea katika imani. Hakuna kanuni ya Kanisa inayomwadhibu mtoto kwa namna alivyokuja duniani. Nao wazazi waliokwisha kupita njia hiyo, wengi wao bila kujua Kanisa linafundisha nini, hawakufukuzwa. Kitubio kipo, na padre yupo. Waende wazungumze naye.

Hata habari hii yenyewe ilipoanza, Kanisa halikuanza kwa kurusha mawe. Mtoto wa kwanza kutungwa mimba nje ya tumbo la mama, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 mjini Oldham, Uingereza. Mama yake alikuwa na taabu kama yako: mirija iliyoziba, na miaka tisa ya kungoja. Waandishi wa habari walimwendea Kardinali Albino Luciani, Patriaki wa Venice, wakitaka asikike akilaani. Yeye alimtakia mtoto heri. Kuhusu wazazi, akasema hana haki ya kuwahukumu, kwani kama walitenda kwa nia njema huenda hata wana stahili mbele ya Mungu. Lakini papo hapo alieleza kwamba fundisho la Kanisa halibadiliki kwa sababu hiyo. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Agosti, kardinali huyo alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza. Mimi hupenda kumkumbuka kila ninapoulizwa swali hili, maana alishika mambo mawili kwa mikono miwili wala hakuangusha hata moja.

Sasa tuangalie kinachofanyika huko maabara, kwa sababu nimegundua kwamba watu huuza ng'ombe na ploti kabla hawajaelezwa vizuri.

Kwa kawaida mwili wa mama huivisha yai moja kila mwezi. Katika matibabu haya mama hudungwa sindano kila siku, kwa siku kumi hivi, ili mayai mengi yaive kwa pamoja. Daktari huyavuta kwa sindano ndefu akiongozwa na mashine ya skani. Mbegu za baba huletwa kando, naye huzitoa akiwa peke yake katika chumba. Fundi wa maabara hukutanisha mayai na mbegu katika kisahani cha kioo. Tangu mwaka 1992, kufuatia kazi ya madaktari wa Brussels, mbegu moja huweza hata kuingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno. Baada ya siku tatu hadi tano fundi hutazama viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, na kuchagua. Kimoja au viwili hutiwa katika mji wa mimba wa mama. Vingine hugandishwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Vile vinavyoonekana dhaifu hutupwa. Kisha wazazi hungoja, na mara nyingi mimba haishiki, wakarudia tena kwa gharama nyingine ya laki kadhaa. Nchini Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa mwaka 2006, na tangu hapo zahanati zimeongezeka.

Tafakari neno "kuchagua", mama. Sisi Wakatoliki tunaamini kwamba uhai wa mtu hulindwa tangu yai linapotungishwa. Basi wale waliomo katika chombo cha baridi ni akina nani? Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1990 iliruhusu viinitete viwekwe kwa miaka mitano tu kama wenyewe hawakuomba nyongeza. Ilipofika Agosti 1996, vile ambavyo wazazi wake hawakupatikana au hawakujibu barua viliyeyushwa na kuharibiwa, kama 3,300 hivi. Miezi michache kabla, mwezi Mei, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa amewasihi wanasayansi waache kuvitengeneza. Na Roma ilipoandika tena juu ya jambo hili katika waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008, ilikiri waziwazi kwamba kwa wale waliokwisha kugandishwa hakuna njia iliyo safi kabisa ya kulirekebisha kosa. Si kawaida ya Roma kuandika hivyo. Ukisoma sehemu ile unasikia huzuni.

Lakini nisikudanganye kwamba shida ni hiyo tu. Louise Brown alitoka katika yai moja tu. Madaktari wake, Patrick Steptoe na Robert Edwards, pamoja na Jean Purdy aliyekuwa msaidizi wao maabarani, walikuwa wameacha dawa za kuivisha mayai mengi wakafuata mwezi wa kawaida wa mama huyo. Hakuna ndugu yake aliyetupwa siku ile. Basi mtu anaweza kuuliza: daktari akiahidi kutunga mimba moja tu bila kupoteza hata kiinitete kimoja, je, Kanisa litakubali?

Halitakubali, na sababu yake ni hii. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita aliwafundisha wanandoa katika Humanae Vitae kwamba tendo la ndoa lina maana mbili ambazo Mungu amezifunga pamoja, kuunganika kwa mume na mke na kupata watoto, wala binadamu asizitenganishe. Tulilisikia fundisho hilo kwa upande wa kupanga uzazi, na wengi tulinung'unika. Lakini lina upande wa pili. Tarehe 22 Februari 1987 Idara ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilitoa waraka Donum Vitae, maana yake Zawadi ya Uhai. Kanisa lile lile linalowakataza wanandoa kumwondoa mtoto katika tendo la ndoa ndilo linalowakataza kuliondoa tendo la ndoa katika kumpata mtoto. Mtoto ana haki ya kuwa tunda la mama na baba wanaojitoa mmoja kwa mwingine, si la ufundi wa mtu wa tatu, hata mtu huyo awe mwema kiasi gani.

Nitakupa mfano wa nyumbani. Barabara ya kwenda kwenu imezibwa na mti ulioanguka. Fundi mmoja anakuja na msumeno, anaukata mti, anawaambia, "Bwana na Bibi, piteni, nyumba yenu ile pale." Fundi wa pili anawaambia, "Kaeni hapo hapo mjini, nipeni pesa na ufunguo, mimi nitawaletea mzigo." Daktari anayezibua mrija, anayetibu maambukizo, anayesawazisha homoni, ni yule fundi wa msumeno, na Kanisa linambariki. Yule wa pili huenda ni mtu mwema pia, lakini ameshika mahali pa baba na mama, na tazama, mtoto ameanza kuitwa mzigo: anaagizwa, anakaguliwa, anachaguliwa, na asipofaa anarudishwa.

Fundisho hili ni gumu, wala sitakuambia ni jepesi. Nyumba yangu mimi haina watoto kwa sababu nilichagua hivyo mwenyewe mbele ya Askofu. Wewe hukuchagua. Kwa hiyo nikizungumza nawe juu ya msalaba huu nazungumza kwa sauti ya chini.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika, ila huenda ukalisikia huko zahanati: kutumia mbegu au yai la mtu mwingine, au kukodi tumbo la mama mwingine akubebee. Kwa njia hizo Kanisa linakataa kwa nguvu zaidi, maana mtu wa tatu anaingizwa ndani ya ndoa yenyewe. Wala si mambo mapya. Sara, mke wa Ibrahimu, alipochoka kungoja alimtoa mjakazi wake Hagari ili amzalie mtoto. Mtoto alipatikana, na amani ikaondoka nyumbani mpaka Hagari na mwanawe wakafukuzwa jangwani, ambako Mungu ndiye aliyewaokoa. Wazee wetu nao walitafuta njia zao. Ukambani unaijua desturi ya iweto, ambapo mama asiye na mtoto huoa msichana ili azae kwa jina la nyumba yake. Nia ilikuwa kuzuia nyumba isife. Lakini muulize msichana yule aliyeolewa ili azae tu, na muulize mtoto anayetaka kumjua baba yake. Zahanati imevaa koti jeupe, lakini swali la mtoto ni lile lile.

Sasa nije kwenye picha yako ya eksirei, maana hapa ndipo ninapotaka uchukue kalamu.

Picha ile hupigwa wakati dawa inapopitishwa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane kama inatokea upande wa pili wa mirija. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba mirija inaweza kujikaza kwa maumivu au kwa hofu wakati wa kipimo, dawa isipite, na picha ikaonyesha kuziba mahali ambapo hakuna kilichoziba. Ndiyo sababu picha moja haitoshi kuuzia ploti. Muulize daktari wa magonjwa ya akina mama kuhusu uchunguzi wa kamera ndogo inayoingizwa kupitia tundu karibu na kitovu. Kwa kamera hiyo ataona kama mirija imeziba kweli, imeziba mwanzoni au mwishoni, imegandamana na matumbo, au kuna ugonjwa mwingine. Mara nyingine kinachowezekana kurekebishwa hurekebishwa papo hapo. Na ujue jambo moja la kupendeza: daktari Steptoe, yule yule wa Oldham, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuieneza kamera hiyo nchini Uingereza. Chombo kilichompatia mayai ya maabara ndicho leo kinachowazibulia akina mama mirija ili wapate mimba nyumbani kwao. Kanisa halijawahi kuwa na ugomvi na chombo.

Utafiti pia unaendelea katika njia zisizomwondoa mume na mke mahali pao. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya hospitali 27 na akina mama 1,119 waliokuwa wakipigwa picha hiyo hiyo ya mirija. Nusu yao walipitishiwa dawa iliyochanganywa na mafuta, nusu nyingine dawa ya maji. Katika miezi sita, karibu 40 kwa kila mia wa kundi la mafuta walikuwa na mimba inayoendelea, na 29 kwa kila mia wa kundi la maji. Mafuta tu! Lakini soma kwa makini: wengi wao walikuwa akina mama ambao hawakushukiwa kuwa na mirija iliyoharibika vibaya. Siahidi kwamba wewe utakuwa mmoja wao. Nakuambia tu kwamba kati ya picha ya eksirei na maabara kuna vituo kadhaa, na wewe umerushwa vyote.

Wako pia waliojitolea maisha yao kwa kazi hii kwa ajili ya imani. Huko Australia, madaktari John na Evelyn Billings, mume na mke, waliwafundisha akina mama kuzitambua siku za rutuba kwa kuangalia ute wa uzazi. Sisi tunaijua njia yao kama ya kupanga uzazi, tunasahau kwamba inafaa vile vile kwa anayetafuta mtoto. Huko Omaha, Marekani, daktari Thomas Hilgers alianzisha mwaka 1985 taasisi yenye jina la Papa Paulo wa Sita. Humo mama huandika chati ya mwezi wake, na daktari akaitumia chati hiyo kutafuta chanzo cha ugonjwa: homoni pungufu, uvimbe, kovu, maambukizo. Anatibu chanzo, kisha anawaacha mume na mke wafanye lililo lao. Uliza jimboni kwenu, katika ofisi ya familia, kama kuna mwalimu wa njia hizi.

Na kama kamera ikionyesha kwamba mirija imeziba kweli? Wakati mwingine upasuaji husaidia, hasa kama kuziba ni kudogo. Lakini ujue kwamba mirija iliyowahi kuumwa ina hatari kubwa zaidi ya mimba kutunga ndani yake badala ya katika mji wa mimba, na hiyo huweza kumwua mama. Ukikosa siku zako baada ya matibabu hayo usikae nyumbani ukifurahi peke yako. Nenda hospitali mapema ukachunguzwe. Na kama haiwezekani kabisa, basi haiwezekani. Wako wanandoa wacha Mungu waliofuata yote niliyoandika hapa wakabaki wawili.

Sasa nitafute nafasi ya kuzungumza na bwana yako. Katika barua nzima, mama, kuna jambo moja ambalo sikuliona. Hukuniambia yeye alipimwa lini.

Ndugu yangu, nakupongeza kwa kumkatalia mama yako. Si wanaume wengi wanaoweza. Lakini miaka tisa mke wako amelala juu ya meza za madaktari, na wewe je? Katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto kuna tatizo upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mke. Mbegu huweza kuwa chache au dhaifu kwa sababu ya mishipa iliyovimba kwenye korodani, matubwitubwi yaliyompata mtu akiwa mkubwa, ulevi, sigara, au maambukizo ya zamani. Mengine hutibika. Na kisonono na klamidia, magonjwa mawili yanayoongoza katika kuziba mirija ya akina mama wa Afrika, hayaanguki kutoka mawinguni. Siulizi yalitoka wapi. Ninachosema ni kwamba mume na mke wapimwe pamoja na watibiwe pamoja, la sivyo mmoja anamrudishia mwenzake kile daktari alichokiondoa. Kipimo cha mwanamume ni rahisi kuliko cha mwanamke, ni cha bei nafuu, wala hakihitaji kisu. Ni aibu kumpasua mke kabla mume hajakabidhi kichupa.

Najua swali linalofuata, maana wanaume huniuliza nje ya kanisa baada ya Misa, wakitazama viatu vyao. Kichupa kile hupatikana vipi bila kosa? Wanandoa wanaweza kukusanya mbegu katika tendo lao la ndoa lenyewe, kwa kutumia mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu na uliotobolewa tundu dogo, ili tendo libaki wazi kwa uhai na kiasi kinachobaki kipelekwe maabara haraka. Zungumza na daktari kabla ya siku hiyo, kwa sababu mipira ya kawaida ya dukani huharibu kipimo.

Nirudi kwa mama mkwe. Ningependa mtu amsomee sehemu hii kwa upole, kwa kuwa naye ana uchungu wake. Anazeeka, na jina lake halijasikika likiitwa uani. Lakini ajue kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba kutozaa hakuzuii ndoa wala hakuibatilishi. Siku ile mlipoapa, hamkuapa kwa sharti la mtoto. Nayo Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kikristo kuwa ya mume mmoja na mke mmoja. Msichana wa siri hatakuwa mke, na mtoto wake atazaliwa katika kilio cha watu watatu.

Katika Biblia yuko Ana, ambaye mke mwenzake alimkejeli mwaka hadi mwaka, na mumewe Elkana, aliyempenda akamuuliza kama yeye mwenyewe hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Mahubiri mengi hukimbilia mwisho, Samweli akizaliwa. Mimi hupenda kusimama pale Ana alipokuwa akiomba midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Kuhani mzima! Alikuwa ameketi mlangoni pa hekalu na hakuutambua uchungu wa mwanamke asiye na mtoto. Sisi wa altareni, na makatekista pamoja nasi, tulianza kukosea hapo zamani sana. Basi kama tumekuumiza, utusamehe. Elkana alimpenda Ana kabla Samweli hajazaliwa, na kama Samweli asingekuja kamwe, bado ile ingekuwa ndoa.

Kuna neno jingine ambalo huenda halijatajwa katika boma lenu, nalo ni kumchukua mtoto asiye na wazazi awe wenu kisheria. Sisemi hili kama dawa ya kufunika kidonda. Mtoto yatima si kiraka. Wala si jambo la wiki hii, mkiwa bado mnalia. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamfanya mtoto huyo kuwa wenu kabisa kama aliyezaliwa na ninyi, na urithi wake ni ule ule. Hakuna mjomba wa kuja kumfukuza shambani baadaye. Nendeni kwa afisa wa watoto wa serikali mkaulize; msipokee mtoto kwa mtu barabarani wala kwa muuguzi anayetaka malipo, kwani hiyo ni biashara ya watoto. Na jina? Mtoto huyo anaweza kuitwa kwa jina la nyanya yake.

Basi, mama, sasa nijibu lile la mnunuzi. Mwambie hapana kwa mwezi huu. Kama ni mnunuzi wa kweli atarudi, na asiporudi bado mna ploti. Wiki hii bwana aende akapange kipimo chake, nawe umwendee daktari wa pili ukiwa na picha yako ile ya eksirei, umuulize mambo matatu: je, inawezekana mirija ilijikaza tu, je, kamera ndogo inafaa kwangu, na je, sisi wawili tumepimwa kisonono na klamidia? Majibu yake uyaandike, usiyabebe kichwani. Jumapili katekista wenu nitampigia simu mimi mwenyewe.

Misa ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitaiadhimisha kwa nia yenu ninyi wawili. Kipimo cha bwana kikitoka, niandikie tena.

Wenu katika Kristo,
Padre wa Ukurasa wa Ndoa